WATU KUMI ULINGONI: WASEMAVYO WASHABIKI JUU YA WANAMIELEKA WEPESI WA JAPANI

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika mieleka ya kulipwa, kwa miaka mingi macho ya watazamaji yaliwaelekea tembo peke yao: wanaume warefu, wenye vifua kama milango, ambao kilo zao zilitangazwa kwa sauti kuu kabla hawajapanda ulingoni. Sisi hapa Uganda nasi tulikaribia kuwaona tembo wa namna hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1979 ilitangazwa huko Japani kwamba bingwa wao, Antonio Inoki, angekuja Kampala kupambana na Idi Amin. Mwezi wa Aprili mwaka huo utawala wa Amin ukaanguka, na pambano lile likabaki maneno matupu.

Leo hatutaki kuzungumza juu ya tembo. Twataka kuzungumza juu ya nyasi, yaani wanamieleka wa maumbo madogo, ambao usiku mmoja wa mwaka 1996 mjini Tokyo walipanda ulingoni kumi kwa pamoja, watano upande huu na watano upande ule, na kuwaachia washabiki wa mchezo huo ubishi ambao mpaka leo haujakwisha. Wengine husema lilikuwa pambano bora la aina yake. Wengine husema halikuwa pambano hata kidogo, bali sarakasi. Yafaa tuwasikilize wote, kisha nasi tutoe rai yetu.

WEPESI NI NANI?

Wajapani huliita daraja la watu hawa "junia". Neno hilo lisimdanganye msomaji akadhani kwamba twasema habari za watoto. Junia ni daraja la uzito tu. Katika chama cha New Japan, kwa mfano, mpaka wake ni kilo 100, na azidiye hapo huhesabiwa kuwa mzito.

Heshima ya daraja hili ilianza kupanda tarehe 23 Aprili 1981. Siku hiyo kijana Satoru Sayama, akiwa amefunika uso kwa barakoa ya chui milia, alipanda ulingoni mjini Tokyo kwa mara ya kwanza akiitwa Tiger Mask, na aliyempokea alikuwa Mwingereza Thomas Billington, ajulikanaye zaidi kwa jina la Dynamite Kid. Hakuna kati yao aliyekuwa jitu. Lakini kasi yao, na ujasiri wa kuruka na kuangukia popote, viliwafanya watazamaji watambue kwamba mtu mdogo naye aweza kuujaza ukumbi.

Chemchemi ya pili ilitoka Mexico. Katika nchi hiyo mwanamieleka mwepesi mwenye barakoa ndiye kipenzi cha watu, na ni kawaida watu watatu kupambana na watatu. Mjapani Hiroaki Hamada alikwenda huko katikati ya miaka ya 1970, akajifunza sanaa yao mpaka akapata jina kubwa, Gran Hamada. Mwaka 1990 alianzisha Japani kikundi chake kilichofuata mtindo wa Mexico, na humo wakalelewa vijana wengi. Mmoja wao, aliyejiita The Great Sasuke, alitoka akaunda chama chake mwenyewe katika mkoa wa Iwate. Chama hicho, Michinoku Pro, kilianza kuonyesha mieleka mwaka 1993.

Michinoku ni jina la kale la upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa kikuu cha Japani, sehemu ya milima, theluji na mashamba ya mpunga, iliyo mbali na fahari ya jiji. Vyama vingine vya mieleka vilikuwa na makao yao katika miji mikubwa. Hawa wa Michinoku walizunguka katika miji midogo, wakiweka ulingo wao katika kumbi za michezo za wilaya, wakicheza mbele ya wakulima, wazee na watoto wa shule. Chama hicho, kwa hiyo, kilikuwa cha watu wadogo kwa maana mbili: wadogo wa maumbo, na wadogo kwa kuwa watu wa mikoani.

USIKU WA TAREHE 10 OKTOBA 1996

Siku hiyo watu wa mikoani waliingia jijini. Ukumbi walioukodi ni Ryogoku Kokugikan, uliofunguliwa mwaka 1985, wenye kuchukua watu kama 11,000. Kwa kawaida huo ni ukumbi wa sumo, na sehemu za chini zimegawanywa vijisanduku ambamo watazamaji huketi juu ya mito kwa desturi ya kale. Kwa maneno mengine, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wanaume wanene kuliko wote Japani ndiyo iliyowakaribisha wanamieleka wembamba kuliko wote.

Upande mmoja walisimama Kaientai DX, kundi la wakorofi: Dick Togo, TAKA Michinoku, Men's Teioh, Shiryu na Shoichi Funaki. Upande wa pili walikuwa Gran Hamada mwenyewe, aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 46, pamoja na Super Delfin, Gran Naniwa, Masato Yakushiji, na kijana Tiger Mask wa nne, mwanafunzi wa yule Sayama tuliyemtaja.

Yatupasa kueleza kidogo kanuni zake. Katika pambano la makundi, kwa kawaida mmoja hupambana na mmoja huku wenzao wakingoja nje ya kamba, na anayechoka humgusa mwenzake mkono ili ashike zamu. Desturi ya Mexico huongeza jambo moja: mtu akianguka au akitoka nje ya ulingo, mwenzake aruhusiwa kuingia mara moja bila kuguswa. Kwa sababu hiyo mchezo hausimami. Mmoja atoka, mwingine yu hewani tayari. Ushindi hupatikana pale mabega mawili ya mtu yabanwapo sakafuni mpaka mwamuzi amalize hesabu ya tatu.

Pambano lilianza kwa utaratibu, wawili wawili, kwa kushikana mikono na kupindana viungo. Baadaye Kaientai walianza kazi yao: kumtenga mpinzani mmoja na kumshambulia kwa zamu na kwa pamoja, kila mmoja akijua mahali pake kama wapiga ngoma wa kundi moja. Kisha waliodhulumiwa wakajikomboa, na hapo ndipo ukumbi ulipochemka, kwa maana watu walianza kuruka juu ya kamba kuwaangukia wenzao walioko nje, mmoja baada ya mwingine, hata mtazamaji hakupata nafasi ya kushusha pumzi.

WANAOSIFU

Twaanza na washabiki wanaosifu, nao ni wengi. Hoja yao ya kwanza ni kwamba katika umati ule wa watu kumi hakuna aliyepotea. Mwenye kutazama kwa mara ya kwanza, hata kama hajui neno la Kijapani, mara moja huwatofautisha. Naniwa huvaa barakoa ya kaa, na mazoea yake ni kutembea upande-upande juu ya kamba kama kaa wa pwani kabla ya kumwangukia adui kwa kiwiko. Delfin ni pomboo mwenye majivuno. TAKA hukimbia na kuikanyaga kamba ya juu bila kuishika kwa mikono, akaruka nje. Togo, mfupi mwenye kifua kipana, hujirusha kutoka juu ya nguzo na kumpiga mtu kwa mgongo wake. Mzee Hamada hana haja ya kufanya mengi. Kila alifanyalo hulifanya kwa wakati wake.

Hoja yao ya pili ni ulinganifu. Wasema kwamba kumpanga mtu mmoja na mwingine kwa dakika kumi ni kazi ya kawaida, lakini kuwapanga kumi, kila mmoja awe mahali panapotakiwa wakati unaotakiwa, ni kazi ya mwalimu wa ngoma. Nusu hatua ikipotea, mtu aanguka kichwa chini. Na hawa walikuwa wamepambana usiku baada ya usiku katika miji midogo ya kaskazini, mpaka kila mmoja akayajua mapigo ya mwenzake kama ajuavyo mlango wa nyumba yake. Tokyo ilionyeshwa matunda tu. Mashamba yalikuwa Iwate.

Wengi wa washabiki hao hawakuwako Kokugikan. Walioko Marekani na Ulaya walilipata pambano hilo kwa kanda za video zilizopelekwa kwa posta, zikanakiliwa, nakala nazo zikanakiliwa tena, mpaka rangi zikafifia na sauti ya mtangazaji ikawa kama itokayo kisimani. Hata hivyo walizitazama.

WANAOLAUMU

Wanaolaumu nao wana maneno yenye uzito, na si haki kuwapuuza. Wao husema: mieleka, ijapokuwa mshindi wake hupangwa kabla, haina budi kufanana na ugomvi. Mtu akipindwa mkono mwanzoni, twataka kuona mkono ule ukimuuma mwishoni. Katika pambano la watu kumi, wasema, maumivu husahauliwa. Aliyeangushwa sasa hivi hujiviringisha nje, hupumzika kidogo, kisha hurejea akiruka kama swala. Tena twaona wazi mtu akisimama chini, mikono imenyoshwa, akimngoja adui yake aruke ili amdake. Ni adui gani huyo wa kungojwa?

Hoja yao ya mwisho ni kali kuliko zote. Wasema kwamba mtindo huu huwazoesha washabiki vibaya. Leo wameruka watano, kesho watataka kumi. Leo wameruka kutoka kwenye kamba, kesho watataka watu waruke kutoka kwenye paa. Shangwe ni kama chumvi: aliyekwisha kuzoea nyingi haonji tena kidogo. Na anayelipa gharama ya shangwe hiyo si mshabiki aliyeketi juu ya mto wake.

Kati ya pande hizi mbili wako washabiki wa kundi la tatu, ambao kwetu sisi ndio wenye macho makali. Hao husema kwamba siri ya pambano lile haikuwa katika kuruka, bali katika uovu wa Kaientai. Kuruka kulikuwa nyama. Wakorofi ndio waliokuwa mifupa. Bila ya wao kuwadhulumu wenzao, kuwafanyia dhihaka na kuwachelewesha, mruko ungekuwa mruko tu. Ulipokuja baada ya dhuluma ukawa ukombozi, na ndiyo maana ukumbi ulisimama. Kwa ajili hiyo washabiki wengi wanapolikumbuka pambano hilo hawaanzi kwa kutaja mshindi. Huanza kwa kutaja jinsi watano wale walivyokuwa wakifanya kazi kama vidole vya mkono mmoja.

MTIHANI WA PHILADELPHIA

Tarehe 13 Aprili 1997, miezi sita baada ya usiku ule wa Tokyo, baadhi ya wanaume hawa walipelekwa mbele ya washabiki wasiokuwa wao. Chama cha ECW cha Marekani kilikuwa kikifanya onyesho lake la kwanza la kulipiwa kwenye televisheni, mjini Philadelphia, katika jengo lililokuwa likitumika pia kwa mchezo wa bingo. Wenyeji wa jengo lile walisifika kwa ukali. Walizoea damu, meza za kuvunjwa na viti vya chuma, na mchezaji aliyekosea hata hatua moja alizomewa papo hapo kwa matusi yasiyoandikika gazetini.

Watu sita walipanda ulingoni: The Great Sasuke, Gran Hamada na Masato Yakushiji kwa upande mmoja, TAKA Michinoku, Dick Togo na Men's Teioh, ambaye siku hiyo aliitwa Terry Boy, kwa upande wa pili. Hapakuwa na damu wala meza. Palikuwa na mtindo uleule wa Michinoku, watatu wakimwonea mmoja kwa pamoja, kisha mkombozi akiingia kwa kasi. Mwishowe Sasuke alimfunga TAKA mikono kwa nyuma, akampindua juu ya kichwa chake na kumbana mabega mpaka hesabu ya tatu. Watu wale wakali waliwapigia makofi na kuwashangilia wageni ambao wengi wao hawakuweza hata kuyatamka majina yao.

Kwetu sisi huo ndio ushahidi mzito kuliko hoja zote za ubishi. Mzalendo humsifu mcheza kwao, na sifa hiyo yaweza kutiliwa shaka. Lakini mgeni asiye na jamaa ukumbini, asiyejua lugha, akisimamisha watu waliokuja kutafuta damu, hapo ni kazi yenyewe iliyosema.

WALIPOTENGANISHWA

Sasa msomaji atauliza: baada ya hapo walipata nini? Hapa hadithi yageuka kuwa chungu.

Chama kikubwa cha WWF kiliwaona. Mwezi wa Julai mwaka uleule wa 1997 kiliwaita Sasuke na TAKA wapambane mjini Calgary, na mwezi wa Desemba TAKA akatwaa ubingwa wake wa uzito mwepesi. Mwaka 1998 wakafuata Togo, Teioh na Funaki, nao wakatumia jina la Kaientai. Lakini ulingo wa WWF ulikuwa wa majitu, na watungaji wake hawakujua la kufanya na watu wadogo ila kuwachekesha wengine. Togo na Teioh hawakukaa. TAKA na Funaki waliobaki, kufikia mwaka 2000, walikuwa wakipewa kipaza sauti ili wachezeshe midomo tu, huku sauti ya Kiingereza ya mtu mwingine ikisikika kutoka nyuma, kama filamu iliyotafsiriwa vibaya. Watazamaji walicheka sana. Wako washabiki wanaokumbuka kichekesho hicho kwa furaha, nasi hatuwakatazi kucheka. Lakini washabiki wa zile kanda zilizofifia walihuzunika, maana walijua kile ambacho midomo ile ilikuwa ikinyamazisha.

Wengine walijitafutia njia. Delfin alianzisha chama chake mjini Osaka mwaka 1999. TAKA alianzisha shule ya mieleka aliyoipa jina la Kaientai. Sasuke alichaguliwa mwaka 2003 kuwa mjumbe wa baraza la mkoa wa Iwate, akaingia barazani na barakoa yake usoni. Na mtindo wenyewe haukufa. Vijana waliofundishwa na Último Dragón, mjapani mwingine aliyesomea Mexico, waliuendeleza katika chama kilichojulikana tangu mwaka 2004 kwa jina la Dragon Gate. Tarehe 31 Machi 2006, karibu na Chicago, sita kati yao, Dragon Kid, Genki Horiguchi na Ryo Saito dhidi ya CIMA, Naruki Doi na Masato Yoshino, walifanya pambano ambalo mwandishi Dave Meltzer alilipa nyota tano, na ubishi uleule wa mwaka 1996 ukaanza upya: sanaa au sarakasi?

RAI YETU

Sisi twaona kwamba wanaolaumu wamekiona kitu cha kweli lakini wamekipa jina lisilo lake. Wamewaona watu kumi wakisaidiana, wakasema ni kasoro. Kwetu kusaidiana huko ndiko sanaa yenyewe. Mtu anayeruka juu ya kamba huku hatazami chini ameyaweka maisha yake mikononi mwa yule anayejifanya adui yake. Na adui huyo akisogea hatua moja, hakuna mwamuzi awezaye kumwokoa aliyeruka. Waliosafiri pamoja mpaka wakaaminiana hivyo walikuwa wakubwa. Walipotawanywa na kupangwa mmoja mmoja kati ya majitu, wakawa kichekesho. Ustadi wao haukupungua hata chembe. Kilichopungua ni wenzao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini katika jambo moja wanaolaumu wana haki kamili, na ushahidi wake ulikuwako usiku uleule wa Kokugikan. Katika pambano jingine la jioni ile walipanda wazee, watatu kwa watatu. Sasuke alishirikiana na Mil Máscaras na Tiger Mask wa kwanza, Sayama. Wapinzani wao walikuwa Dos Caras, Kuniaki Kobayashi na Dynamite Kid. Waliomkumbuka Kid wa mwaka 1981 walishtuka. Hakuwa mzee, alikuwa na miaka 37, lakini mwili ulikuwa umekonda na kunyauka, nao mgongo ulikuwa umekwisha kuharibika kwa miaka ya kuruka na kuanguka. Hilo ndilo lililokuwa pambano lake la mwisho. Mwaka uliofuata alikuwa katika kiti cha magurudumu, na tarehe 5 Desemba 2018, siku aliyotimiza miaka 60, akafariki dunia.

Hivyo watazamaji wale waliokuja Ryogoku waliuziwa tiketi moja wakaonyeshwa mambo mawili: vijana kumi wakiruka, na yule aliyewafundisha vijana wote kuruka, akichechemea. Sasuke mwenyewe miezi miwili tu kabla ya hapo alikuwa amepasuka fuvu la kichwa katika ukumbi uleule, siku aliyotwaa mataji manane kwa mkupuo.

Basi washabiki na waendelee kubishana, kwa maana ubishi ni sehemu ya utamu wa mchezo. Wasifu, walaumu, wahesabu nyota. Ila yafaa kila apigaye makofi akumbuke kwamba makofi yake ni amri. Akishangilia mruko peke yake, ataletewa mruko mkubwa zaidi, na siku moja mikono ya kudaka haitafika. Akishangilia mikono inayodaka, ataletewa watu wanaoaminiana, nao watarudi nyumbani kwa miguu yao.